Maana ya neno "volatile": Ukiliona kwenye simu, kwenye lori au kwenye mkataba, simama kwanza

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo bila shaka limeshapita mbele ya macho yako zaidi ya mara moja. Ukifungua programu ya kununua sarafu za kidijitali, liko chini kabisa kwa maandishi madogo. Ukisoma kwa Kiingereza habari za mashariki mwa Kongo, liko. Ukigeuza chupa ya kemikali au kopo la rangi ya ukuta, nalo liko. Neno lenyewe ni "volatile".

Wengi wetu tukilikuta tunalipita tu kama vile halituhusu. Wengine hufungua kamusi, wakakuta "-a kubadilikabadilika", wakafunga na kuendelea na safari. Tafsiri hiyo si mbaya, ila haitoshi. Mambo mengi hubadilika hapa duniani. Mwezi hubadilika, watoto hukua, kodi ya nyumba hupanda kila mwaka. Hakuna anayeyaita mambo hayo "volatile".

Leo tulichambue neno hili taratibu: limetoka wapi, linatamkwaje, linatumikaje, na kwa nini kutolijua kunaweza kukugharimu pesa, kazi, na wakati mwingine hata uhai.

Maana yake kwa ufupi

Kitu kikiitwa volatile, maana yake kinaweza kubadilika ghafla, kwa kiasi kikubwa, na bila kukupa taarifa.

Angalia, hapo kuna mambo matatu, na yote matatu ni lazima yawepo:

1. Ghafla. Si polepole kama nywele zinavyoota mvi.

2. Kwa kiasi kikubwa. Si badiliko la shilingi hamsini.

3. Bila taarifa. Huwezi kukaa ukasema, "Jumatano ijayo saa nne itakuwa hivi."

Ukikosa moja kati ya hayo, huenda unahitaji neno jingine. Tutayaona hayo maneno mengine huko mbele.

Limetoka wapi? Kwa ndege aliyetua kwenye tawi

Asili ya neno hili ni Kilatini. Kitenzi "volare" kwa Kilatini ni kuruka, ule mruko wa ndege mwenye mabawa. Kutoka hapo likapatikana "volatilis", yaani chenye kuruka. Wafaransa wakalichukua, na Waingereza wakalipata kupitia kwa Wafaransa.

Cha kufurahisha ni kwamba kwenye Kiingereza cha zamani, kama miaka 700 iliyopita, neno hili lilitumika kama jina la viumbe wenyewe wanaoruka: ndege, vipepeo na wenzao. Mwishoni mwa karne ya 16 likaanza kusemwa juu ya vimiminika vinavyogeuka mvuke upesi, kwa sababu navyo ni kama vinaruka. Katikati ya karne ya 17 likahamia kwa watu, wale ambao akili yao haitulii mahali pamoja. Bei, masoko na siasa vilifuata baadaye.

Neno hili lina ndugu unaowajua. Mchezo wa voliboli, yaani mpira wa wavu, umetoka kwenye ukoo huohuo: mpira unapigwa ukiwa bado hewani. Mchezaji wa soka akipiga "voli", anaupiga mpira kabla haujagusa chini. Na msomaji wetu wa Lubumbashi au Bujumbura anayejua Kifaransa anafahamu kwamba "vol" ni safari ya ndege.

Kwa hiyo, ukitaka kulikumbuka neno hili maisha yako yote, weka picha hii kichwani: ndege ametua kwenye tawi. Sasa hivi ametulia kabisa. Lakini mabawa anayo, na hatakuaga.

Halina undugu na "volcano", ambalo limetokana na jina la mungu wa moto wa Warumi. Wala halihusiani na volti za umeme, ambazo zimepewa jina la mwanasayansi wa Italia, Alessandro Volta. Zinafanana masikioni tu.

Matamshi na sarufi

Sisi Waswahili tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi husema "vo-LA-tail". Kiingereza kinaweka mkazo mwanzoni. Mwingereza atasema karibu na "VO-la-tail". Mmarekani ataufupisha mwisho, utasikia karibu na "VA-la-tol". Yote ni sahihi. Chagua moja na ubaki nayo.

Neno hili ni kivumishi. Unaweza kuliweka kabla ya jina, kama kwenye "a volatile market", yaani soko lisilotulia. Au ukaliweka baada ya kitenzi, kama kwenye "The market is volatile", soko halijatulia. Waandishi wa habari hupenda sana "remains volatile", wakimaanisha hali bado haijatulia.

Ukitaka kuongeza nguvu, tumia "highly volatile" au "extremely volatile". Ukitaka kulinganisha, sema "more volatile". Usijaribu kusema "volatiler", hakuna kitu kama hicho. Nomino yake ni "volatility", yaani ile hali yenyewe ya kutotulia. Kinyume chake ni "stable" kwa mambo mengi, na "non-volatile" kwenye kompyuta.

Sasa tuingie kwenye matumizi, maana hapo ndipo penyewe.

Kwenye kemia: kinachoruka ni mvuke

Nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano, unahisi ubaridi, na sekunde chache baadaye ngozi imekauka. Spiriti imekwenda wapi? Imeruka. Imechukua joto la ngozi yako, ikageuka mvuke, ikaondoka. Ndiyo maana ukahisi baridi.

Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Ethanoli, iliyomo kwenye spiriti, huchemka kwenye nyuzi 78 hivi. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ni nyuzi 56. Kwa kawaida, kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo, ndivyo kimiminika kinavyokuwa volatile zaidi. Na hakisubiri kuchemka ndipo kiruke. Kikiwa wazi tu mezani, kinaondoka kidogo kidogo.

Manukato nayo ni hivyohivyo. Aliyewahi kupita Pemba wakati wa kuanika karafuu anajua harufu inavyokupokea kabla hujaziona. Harufu hiyo ni mafuta ya karafuu yanayoruka hewani. Kiingereza huyaita mafuta ya aina hii "volatile oils", na hukamuliwa kwa kupitisha mvuke wa maji kwenye mmea, kisha mvuke huo ukapozwa. Mafuta ya nazi hayamo kwenye kundi hili. Dondosha tone la mafuta ya nazi kwenye karatasi, na pembeni tone la mafuta ya mkaratusi. Yaache mahali penye joto. Doa la nazi utalikuta, la mkaratusi litakuwa limefifia.

Hadi hapo ni mambo ya kupendeza. Sasa tuje kwenye petroli.

Petroli ni volatile sana, na hatari yake watu wengi wanaiweka mahali pasipo penyewe. Wanaogopa yale maji yanayoonekana chini. Kumbe kinachoshika moto kwanza ni mvuke, na mvuke wa petroli huuoni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unatambaa ardhini, unateremka mitaroni, unawafuata watu waliosimama mbali wakidhani wako salama. Cheche moja tu, iwe ya sigara, ya jiko au ya pikipiki inayowashwa, inatosha.

Linganisha na mafuta ya taa. Hayo kwa kawaida huhitaji kupata joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa maneno mengine, huku kwetu hakuna saa ambayo petroli iliyomwagika "imepoa". Ndiyo sababu pia kuweka petroli kwenye kibatari au jiko la mafuta ya taa ni kujitafutia msiba.

Afrika Mashariki na jirani zake wamelipia somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Tarehe 2 Julai 2010 ikawa zamu ya Sange, Kivu Kusini, nchini Kongo. Huko waliokufa walizidi 200, wakiwemo watu waliokuwa ndani wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Tarehe 10 Agosti 2019 ikatokea Msamvu, Morogoro, na kwa mara nyingine waliopoteza maisha walizidi 100.

Sehemu zote tatu, watu walikuwa na ndoo na madumu mkononi. Wengi waliona mafuta ya bure yametulia chini. Hawakumwona yule ndege akiruka.

Kwa hiyo ukikuta lori la mafuta limepinduka, usisogee hata kwa kupiga picha. Rudi nyuma, elekea upande upepo unakotokea, na usiwashe chombo chochote karibu na hapo.

Kwenye pesa: bei inayopanda na kushuka kama bembea

Hapa ndipo neno hili linakutana na watu wengi siku hizi, kwenye simu zao.

Kosa la kwanza ni kudhani "volatile" ni kushuka. Hapana. Bei volatile ni bei inayokwenda juu na chini kwa mikupuo mikubwa. Mtu akikuambia soko fulani ni volatile, hajakuambia litashuka, na wala hajakuambia litapanda. Amekuambia hajui, na kwamba likiondoka litaondoka kwa kishindo.

Kosa la pili ni kuchanganya volatile na mfumuko wa bei. Kodi ya nyumba ikipanda kiasi kilekile kila Januari, inauma, lakini si volatile, kwa sababu unajua inakuja. Angalia sokoni: chumvi na nyanya. Bei ya chumvi inaweza kukaa ilivyo miezi na miezi. Bei ya nyanya, wiki hii umeuziwa fungu kwa bei ya kutupa, baada ya mvua kubwa fungu hilohilo limegawanywa mara tatu na kila kipande kina bei ya fungu zima. Nyanya haikai, huozea mikononi, na barabara ikikatika haifiki. Hiyo ndiyo volatile.

Mfano mkubwa wa dunia ni mafuta ghafi. Tarehe 20 Aprili 2020, bei ya mikataba ya mafuta ya Marekani ya kupokelewa mwezi Mei iliporomoka hadi dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Yaani mwenye mkataba alikuwa tayari kumlipa mtu amchukulie mafuta. Dunia ilikuwa imejifungia ndani kwa ajili ya korona, matangi ya kuhifadhia yalikuwa yanajaa, na mkataba ulikuwa unaisha kesho yake. Haijatimia miaka miwili, Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, pipa la mafuta ya Brent likapita dola 120.

Utauliza, mbona kituoni hatukupewa petroli bure? Kwa sababu ile ilikuwa bei ya mkataba wa siku moja huko Marekani. Petroli ya kituoni ina gharama za kusafisha, meli, kodi na usambazaji juu yake. Halafu Tanzania na Kenya bei za juu za rejareja hupangwa na mamlaka, EWURA na EPRA, na hutangazwa mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo ule mtikisiko wa kila saa wa soko la dunia wewe unaupokea kwa mkupuo mmoja kila mwezi.

Sasa Bitcoin. Novemba 2021, Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Novemba 2022, mwaka mmoja tu baadaye, ilikuwa chini ya dola 17,000. Machi 2024 ikavuka dola 70,000.

Mtu anayekushawishi ununue atakuonyesha namba ya kwanza na ya mwisho, kisha akuambie, "Si unaona, ukisubiri inarudi?" Ni kweli ilirudi. Ila chukua mfano wa mzazi aliyeweka hapo hela ya ada Novemba 2021. Ada haikusubiri Machi 2024. Ada ilidaiwa Januari 2023, wakati robo tatu ya hela ilikuwa imeruka. Angelazimika kuuza pale pale chini, na bei iliporudi juu yeye hakuwemo tena.

Shika hili, ndilo la maana kuliko yote kwenye sehemu hii: volatile humuumiza zaidi mtu mwenye tarehe. Hela yenye tarehe, kama ada, kodi, mahari au matibabu, haikai kwenye tawi moja na kitu chenye mabawa.

Kwenye simu yako: RAM na hifadhi

Ukinunua simu, muuzaji anakutajia namba mbili, kwa mfano 4 na 64. Ya kwanza ni GB za RAM, ya pili ni GB za hifadhi. RAM Kiingereza huiita "volatile memory". Hifadhi ni "non-volatile".

Tofauti ni moja. RAM inashikilia kitu wakati umeme unapita tu. Simu ikizima, kila kilichokuwemo kimeruka. Hifadhi haijali umeme. Picha zako utazikuta hata simu ikikaa kabatini mwezi mzima.

Kwa nini basi wasiweke hifadhi tupu na kuachana na RAM? Kwa sababu RAM ni ya haraka zaidi sana. Fikiria fundi: vifaa anavyotumia sasa hivi viko mezani, vingine viko stoo. Meza ni RAM, stoo ni hifadhi. Jioni meza inafagiliwa.

Mimi somo hili nililipata kwa uchungu. Nilikuwa naandika barua ya kuomba kazi kwenye kompyuta ya mezani, kurasa mbili, maneno nimeyapanga vizuri, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ni hiyohiyo. Umeme ukakatika. Uliporudi, kilichokuwepo ni karatasi nyeupe. Barua ilikuwa mezani, haikufika stoo. Tangu siku hiyo nikiandika mistari mitatu, nasevu.

Wanaojifunza kuandika programu kwa lugha za C au Java watakutana na neno hili pia. Huko "volatile" huwekwa mbele ya jina la kigezo kuiambia kompyuta: thamani hii inaweza kubadilishwa na kingine nje ya mistari unayoiona, kwa hiyo usitegemee nakala uliyoishika, kaisome upya kila mara. Unaona? Maana ni ileile. Usikiamini kitu kwa sababu tu kilikuwepo ulipokiangalia mara ya mwisho.

Kwenye habari: "Hali bado ni tete"

Ukisikia mtangazaji akisema "hali ni tete", mara nyingi Kiingereza chake ni "the situation is volatile". Hii ni tafsiri nzuri kwa habari za usalama na siasa.

Lakini kuwa makini. Hali volatile si lazima iwe vita. Inaweza kuwa leo maduka yamefunguliwa, watoto wameenda shule, na barabara iko wazi. Wanachokuambia ni kwamba utulivu huo unaweza kuvunjika saa yoyote. Ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu mashariki mwa Kongo zimelitumia neno hili mara nyingi sana kwa maana hiyo.

Kama una safari au mzigo wa kupeleka eneo lililotajwa hivyo, habari ya jana haitoshi. Mpigie mtu aliyeko huko asubuhi ya safari yenyewe.

Kwa watu: hasira za karibu

Mtu akiitwa volatile, maana yake hisia zake hulipuka bila kutarajiwa. Kwa Kiswahili tungesema ana hasira za karibu, au haeleweki: sasa hivi anacheka, sasa hivi sahani zinaruka. "He has a volatile temper" ni kusema hasira zake haziko mbali.

Si sifa. Usiliandike kwenye wasifu wako wa kazi. Wapo wanaotaka kusema wanafanya kazi nyingi tofauti, wakaandika "I am a volatile person". Waliyekuwa wanamtafuta ni "versatile", yaani mtu mwenye uwezo wa mambo mengi. Kwenye mpira, mchezaji "versatile" unaweza kumpanga beki, kiungo au winga. Mchezaji "volatile" ni yule unayeomba mechi iishe kabla hajapewa kadi nyekundu. Herufi chache tu, na mwajiri ameshakuweka pembeni.

Na jambo moja la uzito. Kiingereza kikisema "a volatile relationship", kinazungumzia uhusiano wa kugombana na kupatana kila mara, ambao ugomvi wake unaweza kulipuka vibaya. Yule anayeishi ndani yake mara nyingi husema, "Siku hizi ametulia." Turudi kwa ndege wetu: kutulia kwake si sawa na kukosa mabawa.

Maneno yanayochanganywa na "volatile"

"Changeable": kubadilika kwa kawaida tu. Linafaa kwa hali ya hewa, asubuhi jua, mchana manyunyu. Halina kitisho ndani yake.

"Variable": kisicho na kiwango kimoja. Ukiona "variable interest rate" kwenye mkataba wa mkopo, riba inaweza kupandishwa au kushushwa ukiwa katikati ya kulipa. Kinyume chake ni "fixed", riba isiyobadilika. Kabla hujasaini, uliza riba hiyo inafuata nini, na itakuwaje rejesho lako ikipanda.

"Fickle": kigeugeu. Hutumika kwa watu na mapenzi yao, kama mashabiki wanaoimba jina la kocha leo na kesho wanataka afukuzwe. Kigeugeu habomoi nyumba, anahama tu upande.

"Unstable": kisicho imara, kinachoweza kuanguka. Ngazi mbovu ni "unstable". Mgonjwa mahututi anaweza kuitwa hivyo pia. Ukisema ngazi ni volatile watakucheka.

"Flexible": -enye kunyumbulika, anayekubali kubadilika inapobidi. Hii ni sifa nzuri, na hili ndilo la kuandika kwenye wasifu.

Jipime mwenyewe

Chagua neno linalofaa, kisha angalia majibu hapo chini.

1. Bei ya sarafu ya kidijitali imepanda kwa theluthi Jumatatu na kushuka kwa nusu Alhamisi.

2. Fundi anayejua umeme, bomba na kupaka rangi.

3. Mkopo ambao riba yake benki inaweza kuibadilisha.

4. Kimiminika ambacho ukisahau kufunga chupa, kesho unakuta chupa tupu.

5. Nauli imepanda mara moja mwaka huu, na ilitangazwa mapema.

Majibu: La 1 ni "volatile". La 2 ni "versatile". La 3 ni "variable". La 4 ni "volatile". La 5 hakuna hata moja, nauli imepanda tu.

Ukilikuta tena, jiulize haya matatu

Sasa unajua kwamba neno hili moja linasema jambo moja, iwe kwenye petroli, pesa, simu, siasa au kwa mtu. Kwa hiyo likikutokea tena, usilipite. Jiulize:

Ni nini hasa kinachoweza kuruka hapa? Mvuke, bei, kumbukumbu, amani au hasira?

Kikiruka, mimi nimesimama umbali gani?

Na je, nimeweka juu yake kitu ambacho siwezi kukaa bila nacho?

Kama jibu la swali la tatu ni ndiyo, hujachelewa. Kiondoe hapo leo, wakati ndege bado ametulia.